Kumbukumbu ya Zacharie Maliro: Nguru Amebaki Vulamba, Ndobya Yuko Beni

Mwaka umetimia, Zacharie, tangu asubuhi ile ya mvua ulipoanguka mlangoni pa atelier yako ya ufundi, chuma cha kulehemu bado cha moto mkononi. Tension, presha ya damu, walisema hospitalini. Sisi tulitoka Vulamba, mtaani kwetu hapa Butembo, na blanketi na thermos ya chai, tukidhani utalala siku mbili kisha urudi kutuchokoza. Hukurudi. Tulikulilia, tukakuzika, na mpaka leo tumekukasirikia.

Ndiyo, tumekasirika. Wengine huandika kumbukumbu kwa maneno ya asali. Ulikuwa mtu mwema, hilo halina ubishi. Redio ya jirani ikifa, uliifufua na kumpelekea mwenyewe kwa miguu, ili umwone akiifungua na kucheka. Uliwasalimia watu wa avenue nzima kwa majina, na mbuzi wao pia. Mke wako Kyakimwa alipika sufuria mbili za maharage kila Jumapili bila kuuliza nani anakuja, kwa sababu alijua wanakuja wote. Lakini mdomo wako, Zacharie! Mdomo wako ndio uliotuletea haya.

Wasiokijua kisa wakijue. Bafle zako mbili, yale masanduku ya spika, ulizitoa kwenye depo ya zamani ya kahawa, zilikolala tangu mwenyewe, mfanyabiashara Mgriki, alipoondoka nchini wakati wa Zaïre. Zilikuwa na magunia juu na panya ndani. Mbao nzito, urefu wa kufika kifuani pa mtu mzima. Juu baragumu ya chuma kwa sauti nyembamba, chini spika ya karatasi pana kama ungo. Mwenye depo wa sasa alitaka kuzipasua kuni. Ulimtengenezea groupe yake, jenereta ya umeme, naye akakuambia, "Beba uchafu wako." Uliuingiza uchafu huo nyumbani ukiimba.

Panya walikuwa wamekula ukingo wa spika zote mbili, ule mkunjo laini unaozifanya zipumue. Ulitafuta ngozi nyepesi soko zima la Butembo, ukakosa. Kisha siku moja Kyakimwa akafungua sanduku lake, akautafuta mkoba wake mweupe wa ndoa, akakuta umebaki zipu na kishikio. Lo! Siku hiyo avenue nzima ilipata habari.

"Mukoba yangu ya kanisa, Zacharie!"

Nawe, umepiga magoti, gundi vidoleni: "Mama Jemima, sikia kwanza. Ngozi ni moya, imekatwa mara mbili. Zitapumua sawasawa."

Alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu ulimkalisha kwenye kile kiti cha katikati, mbele ya bafle, ukamwekea wimbo wa polepole, na mwimbaji akasimama kati ya bafle mbili, mahali pasipo na kitu, kama mtu aliyeingia sebuleni. Kyakimwa alijifunga kitenge vizuri. Alidhani anaonekana.

Hapo ndipo ulipowapa majina. Kwetu Wanande mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo: wa kwanza Nguru, wa pili Ndobya. Wa kushoto akawa Nguru, wa kulia Ndobya, na sheria ya mapacha ikaingia nyumbani: ukimnunulia mmoja kiatu, mnunulie na mwenzake. Condensateur ya Ndobya, kapasita yake, ilipokufa, ulibadilisha hata ya Nguru iliyokuwa nzima. Waya za Nguru ulizikata urefu uleule wa Ndobya, ingawa yeye alisimama karibu na ampli, mashine ya kukuza sauti, na ziada ukaikunja nyuma ya kabati. Ulipiga rangi nyekundu sakafuni pale miguu yao inapokaa, na ole wake anayefagia vibaya. Kyakimwa hakuruhusiwa kuweka hata kitambaa cha kufuma juu yao.

Na ile ampli! Ulianza na ya Dubai, yenye taa za kucheza na nguvu ya kuamsha Beni yote. Mapacha wakapiga kelele kama bati kwenye mvua ya mawe. "Hawa ni bazee," ukasema. "Muzee hapana kupigiwa kelele, anataka heshima." Ukaiuza, ukatafuta miaka miwili, mpaka ukapata ampli ya lampe, ile ya vioo vinavyowaka vyekundu, nguvu yake kidogo kabisa hata watu walikucheka. Rafiki yako Idi wa Beni, anayeendesha Fuso mpaka mpakani Kasindi, alikuletea lampe za akiba ndani ya soksi, na soksi ndani ya mchele. Ampli ukaiita Kitsa, jina la mtoto anayefuata mapacha. Tena convertisseur, kile kigeuzi cha umeme wa sola, ilikuwa inatia mlio wa nzi kwenye muziki. Ukaibadilisha. Siku nzi alipokufa ulitoka nje ukapaza sauti, "Mukuje musikie kimya!" Na watu wakaja. Wakakaa, wakasikiliza kimya, wakashukuru. Mtu mwingine wa kufanya hivyo Butembo hatumjui.

Sasa kosa lako. Jumapili moja nyumba imejaa mpaka madirishani, kasiksi, pombe ya ndizi, inazunguka, na kaka yako mkubwa Lusenge amekuja kutoka Beni. Akakaa kiti cha katikati nyimbo tatu mfululizo, hawaachii wengine. Ili kumwinua ukamwambia kaka mkubwa, huku unacheka, "Yaya, inuka basi! Siku nikikufa, weye utabeba moya." Watu wakacheka. Lusenge hakucheka. Aliinuka taratibu, akaweka mkono juu ya mbao ya Ndobya kama mtu anayepima ng'ombe.

Siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ulipokaa, akasimama. "Marehemu alisema mbele ya batu." Na wale batu, marafiki zako wa Jumapili, waliokula maharage ya Kyakimwa miaka kumi, wakaitika mmoja baada ya mwingine: ndiyo, alisema, tulisikia. Hakuna aliyeongeza kwamba ulikuwa unacheka. Hao nao tunawakasirikia, na wanajijua. Kyakimwa alikuwa chini kwenye mkeka, sauti imemwisha. Aliponyanyua kichwa, Ndobya alikuwa anatoka mlangoni kwenye mabega ya watu wanne, miguu juu.

Tangu siku hiyo Kitsa amewaka mara moja tu. Binti yako Jemima alijaribu kumpigisha Nguru peke yake. Kyakimwa akatoka jikoni, akazima. "Ni kama mutu anaongea kwa telefone," akasema. "Unasikia wa huku, wa kule hapana." Marafiki wakapata nyumba nyingine ya kukaa. Na mwanamke aliyezoea sufuria mbili akajifunza kupikia watu watatu: yeye, Jemima na mama yako. Asiyejua uzito wa kazi hiyo asimpe pole.

Baada ya Pasaka Idi akapita. Idi hasemi habari mbaya bila kuomba maji. Akaomba maji. Akaomba tena.

"Sema, Idi," Kyakimwa akamwambia, "ama nikuletee mto Semuliki muzima?"

"Mama Jemima, Ndobya iko kwa buvette ya pombe ya Yaya Lusenge, kule Beni, mtaa ya Ruwenzori. Iko inje. Banaweka machupa juu."

"Inje?"

"Chini ya bati, lakini mvua inaingia. Na amenunua ampli ya Dubai. Sauti imeanza kukwaruza, basi anasema spika imezeeka. Kesho kuna technicien anakuja kukata mbao, aweke spika mupya ya basse, ya sauti nzito."

Kyakimwa hakulia. Asubuhi alivaa viatu vilevile alivyokuzikia, akapanda Fuso, akakaa kati ya Idi na gunia la vitunguu. Barrière baada ya barrière, kila kizuizi cha askari, alitazama barabara tu. Idi anatuambia amepita njia ile miaka yote ya vita, lakini hajawahi kuogopa mtu njiani kama siku hiyo, na mtu mwenyewe alikuwa anamgusa kiwiko.

Walimkuta Ndobya amelazwa ubavu, kama ng'ombe wa kuchinjwa. Technicien, fundi mtu mzima aitwaye Zorobabel, alikuwa amekwisha kuchora duara kwa penseli kuzunguka spika ya zamani, duara kubwa kuliko yenyewe, na msumeno uko mkononi. Kyakimwa alipita bila kusalimia mtu, jambo ambalo peke yake ni habari ya kusimuliwa wiki nzima, akakaa juu ya Ndobya.

"Kata," akamwambia Zorobabel. "Anzia kwa miguu yangu."

Zorobabel akamtazama Lusenge. Wanywaji wakasogeza viti karibu. Saa nne asubuhi, na buvette imejaa kama siku ya mpira.

"Shemeki, inuka," Lusenge akasema. "Unatupatisha haya. Marehemu alisema mbele ya batu!"

"Mbele ya batu alisema pia atanipeleka Roma nimuone Papa. Tiketi iko wapi, Yaya? Alisema weye ni muzuri wa sura. Nani aliamini?"

Buvette ikapasuka kwa kicheko. Mama mmoja alipiga meza mpaka chupa ikaanguka.

"Ni fungu yangu! Kila ndugu anapata kitu!"

"Mapacha ni fungu? Ulizaliwa na Munande ama ulinunuliwa Kampala?"

"Mama yangu umuache!"

"Ulimutia moto ya Dubai mupaka akakwaruza, sasa unasema amezeeka. Hapana kuzeeka. Ni weye umemupiga."

"Kyakimwa."

Alimwita kwa jina. Tangu harusi yenu hakuwahi kumwita kwa jina, alikuwa Shemeki, alikuwa Mama Jemima. Sauti ya Lusenge ilikuwa imeshuka.

"Weye ulibaki na nyumba yake. Ulibaki na mutoto, na jina. Miye nilibaki na nini? Kwani ulifiwa peke yako?"

Na tukuambie ukweli, maneno hayo ndiyo yaliyomkasirisha Kyakimwa kuliko yote. Alipanda gari kwenda kupigana na mwizi, akafika akakuta mfiwa.

"Basi umulilie vizuri," akamwambia. "Hapana na musumeno."

Zorobabel alikuwa amechutama mbele ya spika. Akaigusa ile ngozi kwa ncha ya kidole, akaizunguka yote, polepole. "Nani alikata hii?"

"Bwana yangu."

"Hapana kuona kiungo." Akasimama, akaurudisha msumeno kwenye mfuko. "Muzee Lusenge, miye sikate hii. Spika haijafa, unaisukumia nguvu ambayo haikuomba. Utafute mutu mwingine."

Lusenge hakutafuta mtu mwingine. Lakini pia hakumwachia Ndobya apande Fuso. Alimbeba yeye na Zorobabel, akamwingiza chumbani kwake, akamfunika na shuka, akasimama mlangoni. "Haikatwe," akasema. "Lakini haitoke." Kyakimwa alirudi Butembo na mikono mitupu. Idi anapita kule kila wiki, anasema Ndobya yupo, ni mkavu, hana chupa juu, hana sauti. Anasema pia, maana Idi hafichi kitu, kwamba Lusenge hulala kichwa upande wa shuka ile.

Basi tumefika hapa, Zacharie. Bafle mbili ulizozilinganisha miaka kumi na moja, kila moja imenyamaza kwenye mji wake, na kati yao kuna njia ambayo kwa wiki fulani hakuna anayeithubutu. Tunamkasirikia kaka yako kwa kubeba. Tunawakasirikia mashahidi kwa kukumbuka maneno na kusahau kicheko. Kyakimwa anajikasirikia kwa kukaa kwenye mkeka wakati ule badala ya kukaa mlangoni. Lakini aliyetukasirisha kuliko wote ni wewe. Mtu aliyeandika namba nyuma ya kila spika, aliyeandika tarehe juu ya kila lampe kwa kalamu ya wino mweupe, alishindwaje kuandika mstari mmoja: wasiachane? Ulikuwa na daftari nne za michoro. Tumezisoma zote. Kuna ukurasa unaoeleza urefu wa kamba kutoka kiti mpaka kwenye bafle. Hakuna ukurasa unaotuhusu sisi.

Na bado Kyakimwa anafuta vumbi la Nguru kila Jumamosi, anavyofuta mtu uso wa mtoto, kwa nguvu kidogo. Bado mtu akipita njiani akinuka lehemu, Jemima anageuka. Mama yako Kanyere, mwenye macho yasiyoona tena vizuri, anauliza kila mgeni kama redio yake ni nzima, akiambiwa imekufa anasema, "Subirini, Zacharie anakuja." Hatumsahihishi.

Misa ya kukukumbuka ni Jumapili hii, misa ya pili, parokiani kwetu. Baada ya hapo mlango uko wazi kwa wote, hata kwa waliotoa ushahidi. Chakula kitakuwepo, na maneno yatakuwepo.

Wanaokukumbuka ni mama yako Kanyere. Mke wako Kyakimwa. Binti yako Jemima. Rafiki yako Idi na watu wa nyumba yake, Beni. Ukoo wote wa Maliro. Majirani wa avenue, Vulamba. Na Lusenge, kaka yako.

Juu ya jina hilo la mwisho tuligombana mezani tukiandika tangazo hili. Kyakimwa alilifuta. Mama Kanyere akasikia kalamu inavyokwaruza, akauliza, "Umefuta nani?" Alipoambiwa, akasema, "Basi futa na yangu. Wote wawili nilibazaa miye." Kyakimwa akaliandika tena kwa mkono wake mwenyewe, chini kabisa, chini hata ya majirani, ingawa Lusenge ndiye mkubwa na mahali pake ni juu. Kila mtu wa kwetu anayesoma hapa anaelewa. Naye Lusenge akisoma ataelewa. Siku Ndobya atakaposhuka kwenye gari mlangoni petu, jina hilo litapanda.

Na wewe, Zacharie, hatujakusahau hata siku moja. Hatutaanza leo.