Mjukuu Wangu Anangoja Baraka, Nami Najifanya Mgonjwa

Mama Eugénie, wewe unayejibu barua za watu gazetini kila wiki, nisaidie mapema, maana mwisho wa jambo langu ni Ijumaa.

Mimi ni muzee wa Masisi, niko hapa Mugunga katika chumba cha kupanga tangu kambi yetu ya wakimbizi ilipobomolewa. Kabla ya kukimbia nilifundisha sayansi shule ya sekondari, na nilikuwa na ng'ombe wangu mlimani. Ninaishi na mjukuu wangu Charline, aliyemaliza masomo ya umeme hapa Goma na ambaye huwafungia vinyozi na wenye vibanda vya kuchaji simu paneli za jua, na sasa amepata bourse, ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea hidrojeni ya kijani, analipiwa kila kitu, na wanasema akimaliza watamsaidia kupata kazi ya nishati huku kwetu Afrika, na mimi, mama, kila nikiligeuza jambo hili naona lina upande wa giza.

Kwanza jina lenyewe. Hidrojeni haina rangi wala harufu, nimeifundisha, naijua. Mtu akiniuzia kitu kisichoonekana huku akikiita cha kijani, nashika mfuko wangu. Charline amenieleza kwamba ukijani ni wa umeme unaoitoa gesi hiyo katika maji, umeme wa jua, wa upepo au wa mto, usio na moshi. Hilo naelewa. Lakini jua ni letu, mto ni wetu, na wenye njaa ya gesi hiyo ni viwanda vyao, sasa kwa nini wamlipie nauli ya ndege mtoto wa mkimbizi? Kwetu Masisi mtu hakukabidhi ng'ombe wake umchungie kabla hamjapatana ndama atalala zizi la nani. Hawa watu habari ya ndama hawajaigusa. Jirani yangu Djibril, dereva wa lori, naye akanimaliza: "Muzee, bazungu habapanake kitu ya bure. Huyo mutoto utabakia kumuonea kwa simu."

Mateso yangu yako hapa. Katika ukoo wetu mtoto haendi safari ndefu kabla muzee hajamnywesha maziwa kwa mkono wake na kumtamkia baraka mbele ya jamaa, na Charline amekataa kuwajibu watu wa chuo, wanaotaka jibu Ijumaa hii, mpaka nimfanyie hivyo. Mara ya kwanza jamaa walipokusanyika nikasema nina malaria. Mara ya pili nikasema mgongo, kisha nikarudi kwenye malaria. Sasa naona haya kuinuka, mtoto anaacha kazi zake ananipikia uji, nami niko chini ya blanketi. Juzi alisimama mlangoni ameshika bakuli tupu, akasema bila hasira: "Muzee, hii malaria yako inakulaka uji sana." Nikageukia ukuta.

Tena kuna neno sijamwambia mtu. Charline anaapa kwamba atarudi. Nami siku tuliyotoka kijijini niliwaambia watoto tutarudi kuvuna maharage, na nilikuwa nasema kweli. Shamba lile sijalikanyaga tena, na watoto wale sasa wana watoto wao. Ndiyo maana mtu akisema "nitarudi" nasikia uongo, hata kama hakuna anayedanganya. Je, nimzuie?

Célestin, Mugunga

*

Papa Célestin,

Pole kwa kuhama, na pole kwa maharage ambayo hukuyavuna. Pole hiyo ni ya moyo wote. Sasa nitakugombeza.

Huna malaria. Wewe unajua, na Charline anajua. Unakishuku chuo, unawashuku Wajerumani, unaishuku hata rangi ya gesi, lakini katika habari yote uliyoniandikia anayedanganya ni wewe peke yako.

Shaka yenyewe siilaumu. Mimi pia siamini haraka, kwa sababu nimepokea barua za wazazi ambao binti zao waliitwa ng'ambo kwenda kusoma, wakafika wakafungiwa ndani kufua nguo za watu. Lakini shaka inayolala kitandani haimlindi mtu. Mpe Charline aifanyie kazi. Leo hii akiulize chuo chenyewe, si mtu wa katikati, kama nafasi hiyo ipo kweli. Atafute Mkongomani aliyesoma huko, waongee wakionana uso kwa simu. Kisha aulize habari ya ndama, wazi: akimaliza, amefungwa kwa nani? Kazi hiyo ya Afrika ni ya nani? Gesi itapanda meli yote, au kuna itakayobaki kututengenezea mbolea ya mashamba? Wakimjibu kwa maneno ya kuteleza, akatae, na utakuwa umemwokoa. Wakimjibu sawasawa, usitafute kisingizio kingine.

Djibril anasema hakuna cha bure. Ni kweli, ila hata kubaki kuna bei yake. Ukimzuia, atabaki juu ya mabati ya vinyozi, na atakuchukia polepole, kwa heshima, huku akikupikia uji. Na siku watakapokuja kujenga mitambo kando ya mito yetu, maana watakuja, nani atakaa mezani upande wetu akijua wanachosema? Wewe mwalimu ungependa awe nani?

Kuhusu kurudi, usimwapishe. Wewe hukuwadanganya watoto wako. Vita ndivyo vilivyokufungia njia. Naye hajui mpaka upi utafungwa, wala nani atakuwa hai. Mwambie aende, ajue, akipata njia aje, akiikosa asiishi kama mtu aliyevunja kiapo.

Waite jamaa Alhamisi. Simama kwa miguu yako uwaambie kwamba hukuwa mgonjwa. Watacheka, waache wacheke. Na kama kilichokuzuia pia ni aibu ya kukosa ng'ombe, maziwa ya pakiti ya dukani yanatosha. Yachemshe wewe mwenyewe, usimtume yeye. Yakipoa, mpe.