Mtani Wangu Aliacha Kucheka

Tabora, Alhamisi usiku

Wala si kwamba vidonge hivi vya kumbukumbu havifanyi kazi kabisa, vinanifanya nikeshe. Ninachokisoma usiku, asubuhi kimekwisha kufutika, na usaili wa kazi ni Jumatatu, Dodoma. Nikishindwa tena, nitarudi Urambo kwenye tumbaku ya baba, mimi na shahada yangu.

Leo nilikwenda duka la dawa kuchukua kopo jingine. Muuzaji ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na hatujawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Mnyamwezi!" alipaza sauti mbele ya wateja. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Wewe kurasa mbili tu zimekushinda, mpaka ukodi vidonge vikubebee?"

Wateja walicheka, kisha wakanigeukia wasikie jibu langu. Mimi, niliyebishana na maprofesa chuoni, nilitafuta tusi moja dogo la kumrudishia Mzaramo. Sikulipata. Nikalitazama kopo alilokwisha kunitolea rafuni.

Kicheko kikamkauka. Akalirudisha kopo kwenye rafu.

"Pole, kaka," alisema taratibu. "Nenda kalale."

Kaka. Hajawahi kuniita hivyo. Ningependa zaidi anitukane mpaka jioni kuliko kunihurumia namna ile, mbele za watu.

Vitabu nimevifunga. Kulala siwezi. Bado ninalitafuta lile jibu.