Nilimsikia Zuhura

Jumatatu, 28 Mei 1956

Nimeamka kabla ya adhana. Miguu imevimba tena. Zuhura amenikanda kwa mafuta ya nazi, akanipa uji, akaenda sokoni. Ni binti yangu. Ana miaka arobaini na saba, hana mtoto, na sasa mtoto wake ni mimi. Daktari hasemi kitu. Nilifundisha shule miaka thelathini. Namjua mtu anayeficha alama mbaya.

Mchana wazee wa Magomeni wamekuja kukamilisha posa ya Mwanajuma, mjukuu wangu. Baba yake, mwanangu, ni marehemu, kwa hiyo walii wa kumwoza ni mimi. Ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 30 Mei

Siku mbaya. Nilijilaza ukumbini, wakadhani nimesinzia. Zuhura alikuwa anamsuka Mwanajuma, anamweleza siku ya ndoa itakavyokuwa: babu ataingia chumbani kukuuliza kama umeridhia, kisha atatoka kumwambia shehe.

"Ukimjibu, paza sauti. Babu yako masikio mazito tangu zamani. Mimi nilisema polepole, hakunisikia, nikaolewa."

"Shangazi, nikipaza sauti si watasema nina uchu wa mume?"

"Waseme. Kwani watakwenda kulala wao huko?"

Wakacheka. Mimi nilifumba macho.

Masikio yangu hayajawahi kuwa mazito.

Jumamosi, 2 Juni

Niandike yote, mkono ungali unatii.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na saba. Aliyemposa alikuwa mfanyabiashara wa Msimbazi, rika langu. Alileta mahari mapema. Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Nililijua hilo, nilikuwa nimesoma kuliko wote mtaani. Nikaezekea nyumba bati. Majirani wote walikuwa na makuti. Wakanipongeza, wakasema binti wa mwalimu ana thamani. Nikavimba kichwa, kana kwamba thamani ile ilikuwa yangu.

Siku ya ndoa niliingia kumuuliza. Alikuwa nyuma ya pazia, amefunikwa kanga. Akasema, "Sitaki, baba." Polepole, lakini wazi.

Kwetu bikira akinyamaza huhesabiwa ameridhia. Nikatoka, nikamwambia shehe amenyamaza.

Watu walikuwa wamejaa barazani. Pilau limeiva. Bati limeshapigiliwa misumari.

Vitabu vya dini vinanipa mlango wa kutokea: baba ana haki ya kumwoza binti yake bikira. Naam. Lakini sikusema natumia haki yangu. Nilisema amenyamaza.

Alikaa na mtu yule miaka kumi na tisa. Alirudi kwangu mjane, meno mawili hana. Hajawahi kunilaumu. Analaumu sauti yake.

Jumanne, 5 Juni

Sijamwambia. Jana nilianza, nikaishia kuomba maji.

Pumzi fupi. Kaburi siliogopi sana. Naogopa akishajua ataniacha, na nani atanigeuza kitandani? Woga wa kitoto. Wa aibu. Lakini ndio huo.

Jumatano, 6 Juni

Nimemwambia, baada ya alasiri. Alikuwa anapepeta mchele.

"Nilikusikia, Zuhura. Siku ile. Nilikusikia vizuri."

Hakuinua uso. Alipepeta mpaka mchele ukaisha. Kisha akauliza jambo moja tu: yeye alisema nini siku ile? Nikajibu, "Ulisema, sitaki, baba." Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa na shaka iwapo kweli alisema. Akachukua ungo, akatoka.

Chakula cha jioni ameniletea Bi Tatu, jirani. Hakuuliza kitu. Nadhani ameambiwa.

Alhamisi, 7 Juni

Zuhura yuko uani na wanawake wa shughuli. Namsikia. Kwangu hajaingia.

Ijumaa, 8 Juni

Ndoa imefungwa.

Nilipokwenda kumuuliza Mwanajuma, nilishikwa mkono na Bi Tatu mpaka chumbani. Zuhura alikuwa amekaa mlangoni. Hakuondoka. Niliivuka miguu yake kuingia. Mwanajuma alijibu, "Nimeridhia, babu," kwa sauti iliyofika barazani, na wanawake wakaangua kicheko. Bi Tatu akasema bibi harusi wa siku hizi hana haya. Zuhura hakucheka. Alikuwa ananitazama mdomo. Nikatoka, nikayasema maneno ya mtoto kama yalivyo. Mahari nikaagiza akabidhiwe yeye mwenyewe, mkononi. Amekabidhiwa.

Jioni wageni wakaondoka. Zuhura akabaki ukumbini kukunja mikeka. Nikamwomba msamaha.

"Nitakujibu nitakapotaka, baba."

Akaendelea na mikeka.

Sijui nimebakiwa na siku ngapi. Sitamuuliza mara ya pili.