Kanda Zilizofungwa Bustanini

Chumba cha Ushonaji,
Mlango wa Kijani, Nyuma ya Soko.
Jumapili, 16 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kelele,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu na wanao. Mgongo unaendeleaje? Ule mkanda aliokupa daktari unauvaa, au umeutundika nyuma ya mlango kama ninavyokujua? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Macho yangu ndiyo yameanza ukaidi. Siku hizi binti yangu ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano.

Leo ni wiki ya tano tangu tumzike Kaka. Nilipokupigia simu kukwambia amefariki, ulijibu maneno matatu tu, "Mungu amrehemu, dada," ukakata. Sikukulaumu. Utajua kwa nini ukifika mwisho wa barua hii, na nakuomba ufike mwisho.

Kibanda chake cha kushonea viatu tumekifungua jana. Viatu vya watu vimejipanga mle, kila jozi na karatasi yake, na wenyewe wanaviulizia kwa sauti ya chini, kama wamekosea kuja.

Katika barua yako ya mwisho ulinicheka, ukasema Mungu amenilipa kwa kunipa mtoto wa hip-hop. Haya, nikupe maoni yangu bila kuficha. Huo muziki siupendi. Mtu anaongea mbio kama anayegombana na mwenye nyumba, hapumui, na nusu ya maneno ni kujisifu. Wimbo kwangu ni ule unaoweza kuuimba ukiwa na ndoo ya maji kichwani. Nilimwambia binti hivyo, akanijibu, "Hata huu utauweza, mama, ukiitua ndoo kwanza." Ana mdomo kama wako.

Na ile roki yako ya zamani nayo sikuipenda. Magitaa yalilia kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na mwimbaji kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Sasa sikiliza. Jumatano iliyopita binti alikuwa anashona vifungo, huku anajisemea mashairi yake ya hip-hop. Nilikuwa simsikilizi, mpaka nikasikia haya:

Mjomba kashona viatu vya watu,
kosa la mwenzake kalivaa yeye,
likambana miaka, hakulivua.

Nikamuuliza kayatoa wapi. Akasema, "Kwa mjomba mwenyewe. Ila alikataa kunitajia kosa ni la nani. Wewe unamjua, mama?" Nikamwambia nina kazi za watu, asinisumbue. Nikakanyaga cherehani, na mkono mzima wa shati la shule ukaenda kombo.

Mdogo wangu, kosa lile ni langu.

Unakumbuka mwaka aliofariki mama. Wote tulilia, wewe hukulia. Ulikuwa unajifungia na redio kaseti yako, magitaa yanapiga kelele kutwa, na baba akakubandika hilo jina la Kelele. Mimi niliona unamvunjia mama heshima. Nilikuwa nafagia chumba chenu nikazikuta kanda zako ndani ya boksi la viatu, katikati ya maboksi ya Kaka. Nikaenda kwa baba na boksi mkononi. Nilikuwa nimetoka kusali, na nilidhani nimetumwa.

Kilichofuata unakijua. Baba alizichomoa tepu zote akazifunga kwenye vijiti kuzunguka bustani, zifukuze ndege. Upepo ukivuma zilikuwa zinavuma nazo, na wewe umesimama pale unazisikiliza. Ukaamua ni Kaka aliyekuchongea, kwa kuwa chumba mlilala wawili na maboksi yalikuwa yake. Ukamwambia si ndugu yako tena, ukaondoka wiki ile ile.

Nilitaka kusema. Kaka ndiye aliyenizuia. Aliniambia, "Mama hayupo. Mdogo wetu akikukosa na wewe, ataandika barua kwa nani?" Basi ukaniandikia mimi, miaka ishirini na sita, na mimi nikakubali kuandikiwa.

Kila barua yako niliipeleka kibandani nikamsomea. Hukuwahi kumtaja. Nilikuwa naongeza mwenyewe mwishoni, "Na Kaka msalimie sana." Anaacha nyundo, anasema, "Na yeye pia." Mwaka jana aliniomba karatasi aisome mwenyewe. Nikamwambia mwandiko wako mbaya. Akacheka, hakuomba tena. Nadhani alijua.

Jana, chini ya kisanduku chake cha misumari, tumekuta kaseti moja. Kumbe alizifungua tepu zako kutoka kwenye vijiti, akaunga vipande kwa gundi, akavizungusha ndani kwa penseli. Binti aliazima redio kwa fundi wa jirani. Gitaa linasikika kama lipo ndani ya kisima, linapotea, linarudi. Mvua imeula wimbo karibu wote. Nilikaa kwenye stuli ya Kaka nikasikiliza pande zote mbili. Bado siupendi muziki huo, nisikudanganye. Ila nilisikia kuwa ulikuwa unalia, na sisi wengine tulilia kwa njia tuliyoizoea tu.

Kaseti nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kifurushi hiki. Ni yako, yeye ndiye aliyekutunzia. Mungu nimeshamwomba msamaha, sasa nakuomba wewe. Ukiona huwezi, nitaelewa.

Ila ukiandika tena, usiniandikie mimi kwanza. Mwandikie Kaka, hata mistari miwili. Nitaipeleka kibandani niisome kwa sauti, na safari hii sitaongeza neno.

Nisalimie wifi, na wanao waambie shangazi yao anawaombea. Binti yangu anakusalimu, mjomba wake aliyebaki. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na moyo wako aupoze.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Sindano