Mwambie Mama Avumilie Mpaka Uchaguzi Upite

Kaka yangu Mwita,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama yuko hapa kando yangu anapepeta ulezi, na amesema hataki kusikia barua ya mtoto asiyemsalimu mkubwa wake. Ingekuwa hiari yangu ningeanza na matusi.

Tumekusikia. Robhi, binti wa mama mdogo, alipeleka dagaa zake kuuza Nyarero siku ya mkutano wako, akakurekodi kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, nyuzi za litungu na vigelegele vyote. Akatuletea huku Mbalibali akidhani ni zawadi. Mgombea udiwani! Mtetezi wa wanyonge! Mama alijifuta mikono kwenye khanga, akaishika simu kwa mikono miwili na kuiweka sikioni. Habari za barabara na zahanati hakuzijali. Alitaka sauti ya mwanawe tu.

Ndipo ukasema, kwa ile sauti yako ya kutetemeka unayoitoa watu wakishakuwa wengi: "Mama yangu aliponda mawe ya dhahabu mpaka mawe yakamponda yeye. Leo amelala chini ya kifusi cha mgodi. Kwa kaburi lake nawaapia, sitawasaliti!"

Makofi. Mama akaniambia, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akasikiliza tena, akanipa simu, akauliza, "Amelewa?"

"Hapana, Mama. Anaomba kura."

Nakukumbuka kabla hujawa mheshimiwa. Mvua zikijaza mto ulinibeba mgongoni kunivusha kwenda shule, na ukiteleza ulikuwa unanilaumu mimi kwamba nimekula sana. Ulinifichia mahindi ya kuchoma ndani ya shati mpaka kifua kikaungua. Kaka yule nilimpenda. Sijui ulimzika wapi, maana kwa kuzika wewe ni fundi.

Halafu dhahabu ikatoka. Watu wakamiminika mpaka kutoka ng'ambo ya mpaka, Migori huko, na shamba letu la mihogo likageuka maduara, mashimo ya kumeza mtu mzima na taa yake. Baba alikuwa ameshatutoka, amelala kwao Susuni. Mama akakaa chini ya turubai na nyundo, akiponda mawe ya wenye maduara ili wewe usome. Vumbi lile ndilo linalomkohoza mpaka leo. Kwa hiyo sehemu hiyo ya hotuba yako ni kweli, Mwita, na ndiyo inayoniuma zaidi. Ulikuwa na ukweli wa kutosha kuombea kura. Hukuhitaji kumuua.

Mgodi mkubwa ulipotangaza kuchukua ardhi na kulipa fidia, kijiji kizima kikaanza kutegesha. Mtu aliyekuwa na miche mitatu ya kahawa akalala, akaamka ana shamba. Nyumba zikaota bila sakafu, bila jiko, bila mtu, zikiwangoja wathamini waje kuziandika. Mimi na wewe tulicheka. Kisha ukasikia kwamba makaburi nayo yanaandikwa na kulipwa, na kicheko chako kikaisha.

Ulimleta Mama huku Mbalibali kwa mdogo wake, eti apumzishe kifua. Ukarudi, ukakata mgomba, ukauvingirisha shuka, ukauzika nyuma ya nyumba na kusimika msalaba wenye jina la Mama. Nilikuuliza kwa nini Mama, mtu mzima anayekula ugali wake. Ukasema Baba kila mtu anajua yuko Susuni, "lakini Mama hayupo, nani atauliza?" Ukanifundisha na kulia. "Lia kama siku ile mbwa wetu alipokufa." Nililia. Mungu anisamehe, nililia vizuri sana.

Wathamini wakasema kaburi litafukuliwa lihamishwe. Hapo ndipo kipaji chako kilipoonekana. Uliweka mkono kifuani ukasema mila ya Wakurya hairuhusu mama kufukuliwa, ila mzaliwa wa kwanza huchota udongo kwa kibuyu na kwenda nao. Mila gani hiyo? Uliitunga umesimama pale pale, wali wa wageni bado uko jikoni. Wazee wakatazamana. Wakatikisa vichwa kukubali, maana kila mmoja alikuwa na uongo wake unamea shambani. Wiki iliyofuata kaya nyingine mbili nazo zikawa zinabeba udongo kwa vibuyu.

Wakasema kijana huyu anajua kusema, wakakufanya mwenyekiti wa kamati ya fidia. Kutoka hapo semina, kutoka semina vizibao vyenye maandishi mgongoni, na leo picha yako iko kwenye kila nguzo. Huo ndio wasifu wako, mheshimiwa. Umeota kwenye mgomba.

Sitakunyima haki yako. Maji ya kijito yalipoharibika uliwasumbua wakubwa mpaka bomba likafika, na mimi mwenyewe nilisimama foleni na ndoo nikajivuna kwamba ni kaka yangu. Lakini ulipoyataja maono yako kwenye ule mkutano, la kwanza lilikuwa kuyalinda makaburi ya wazazi wetu. Robhi anasema watu waliokuwa mbele walitazama chini. Sikushangaa. Wanajua, Mwita. Wanakupigia makofi kwa sababu siku wakikuzomea wewe, itabidi wafukue na vya kwao. Na wewe umeuita woga huo kuwa ni imani ya wananchi.

Nilikupigia simu. Nilikuomba kitu kimoja, mkutano ujao useme kwa mdomo ule ule kwamba Mama yu hai. Usieleze mgomba wala fidia. Sema tu yu hai. Nilidhani aibu imekupata. Kumbe ulikuwa unahesabu siku. Ukanijibu, "Mwambie Mama avumilie mpaka uchaguzi upite."

Avumilie nini? Kufa?

Nilimfikishia neno kwa neno. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo. Kilipomwachia hakucheka tena. Tangu mvua zianze kifua hakijatengamaa, na safari hii hata uji anauonja na kuuacha. Anaamini jina likiitwa kaburini mara nyingi, mwenyewe huanza kuitika. Mimi siamini hivyo, ila usiku huu wa pili nimemsikia akijitaja jina lake polepole, na nakuchukia kwa hilo. Nakuchukia sawasawa, kama nilivyokuwa nakupenda.

Barua hii haina bahasha. Robhi ataibeba wazi na ataisoma sokoni kwa yeyote atakayemwomba. Na mimi jina langu limo: nililia kwenye kaburi la mgomba, na chakula cha fidia nilikula. Sasa hakuna la kunitishia.

Una mkutano Jumamosi. Mama amesema Robhi arekodi tena. Atakaa hapa hapa juani na simu sikioni, asikilize kama mwanawe wa kwanza ana mama.

Nimemuuliza kama ana neno la kuongeza. Ameweka ungo chini. Amelisema kwa Kikurya, mimi naliandika kwa Kiswahili ili hata wapambe wako walielewe. Anasema usipomtaja kuwa hai Jumamosi, siku akifa kweli usije kuzika. Kazi hiyo ulishaimaliza.

Mdogo wako,
uliyemfundisha kulia.