Pole Hujibiwaje?

Shikamoo Mama,

Baridi ya huku Lanzhou inauma kama ya kwetu Brooklyn Center, ila hapa badala ya theluji ni vumbi na moshi wa makaa ya mawe. Tambi za Kichina za mchuzi wa ng'ombe nakula kila asubuhi, usihofu.

Leo mwanafunzi wangu Liu alikuja darasani amefunga kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti. Amefiwa na mama yake. Nikamwambia, “I'm sorry.” Akashangaa: “Kwani umekosa nini, mwalimu?”

Kiingereza nilichokuja kujitolea kukifundisha kikaniishia mdomoni. Nikampa pole kwa Kiswahili, na darasa zima likasimama, likarudia: “Pole, Liu.”

Akauliza pole hujibiwaje. Nikamwambia husemwa “nimeshapoa”, yaani maumivu yametulia. Akafikiri, akatikisa kichwa. “Basi bado siwezi kujibu.”

Mama, tangu tumzike Baba, kila anayekupa pole kanisani unamwambia umeshapoa. Ukienda kazini vaa lile koti zito. Na mimi nakupa pole, Mama. Usinijibu kitu.

Mwanao akupendaye,
Neema