Maneno Niliyomchagulia Baudelio

Jiji la Meksiko, 13 Machi 1954

Mpendwa dada Refugio,

Pokea salamu zangu zote za mapenzi. Je, goti la mama limepungua uvimbe? Mimi ni mzima, bado nawaandikia watu barua kwa taipureta yangu pale uwanjani Santo Domingo.

Dada, Jumatatu alikuja Baudelio Arriaga. Ndiye, yule aliyekukimbia gauni la harusi likiwa limeshashonwa. Hakunitambua, alipotoroka nilikuwa na miaka tisa. Alinieleza kwamba anataka kumposa doña Herminia, mjane mwenye kinu cha mahindi, na kwa kuwa kusoma hajui, nimtafutie maneno ya kumweleza yeye mwenyewe kama mtu aliyezama mapenzini.

“Nipe yale makali, bibie,” alisema. “Asome mpaka ashike kifua.”

Nikamchambulia. Apasionado, mwenye shauku, nilimwambia ni la magazetini, halina jasho. Tukakubaliana juu ya ardiente, mwenye kuwaka, na rendido, aliyejisalimisha kwa mpenzi wake. Nikamsomea barua mara mbili. Akaibusu, akaondoka nayo.

Ila nilichosoma sicho nilichopiga. Penye ardiente niliweka caliente, neno ambalo mwanamke wa heshima akiandikiwa anamwona mwandishi wake kuwa fahali anayetafuta jike. Penye rendido niliweka arrastrado, yaani mtu duni, wa kuburuzwa matopeni.

Doña Herminia aliwasomea kaka zake mezani. Walimtoa Baudelio kinuni kwa mateke, mbele ya wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi. Alhamisi akarudi kwangu, jicho limevimba, akaniuliza amenikosea nini.

“Mimi ni Otilia,” nikamwambia, “mdogo wake Refugio.”

Akakaa chini kwenye mawe.

Sasa nikuungamie jambo ambalo padri sitamwambia. Jumatatu ile, alipokuwa akimtaja huyo mjane, sauti ilimkatika na machozi yakamtoka. Nikajua hakufuata kinu. Alimpenda kweli, kama wewe ulivyompenda yeye. Angekuwa tapeli tu, ningempigia barua safi aende zake. Ni yale machozi, dada, yaliyonifanya nibadilishe maneno, na sikukosea hata herufi moja.

Mbusu mama mikono kwa niaba yangu. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wewe lala vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Otilia